Dagaa wa Bibi na Tamthilia ya Mwashi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ilianza na jua. Lile jua la ufukweni kwetu, upande wa Magu, ambalo kabla hujamaliza kunywa uji limeshakuchoma utosi, na wanawake wanalishukuru kwa sababu dagaa watakauka. Umenikuta hapa Nyakato, mjini Mwanza, miguu imevimba, nimestaafu ualimu na bado nasahihisha insha za wajukuu. Unataka nikupe hoja: ujasiri, ubaguzi na haki katika tamthilia mnayosoma shuleni. Hoja ninazo. Nimezifundisha miaka mingi mpaka naweza kuzitaja nikiwa nasinzia, na kusema kweli zimenichosha. Kwa hiyo leo utanivumilia. Nitakueleza kwanza habari ya dagaa.

Nilikuwa kidato cha tatu. Wazazi wangu walikuwa huku mjini wakifanya kazi kiwandani, nami niliishi kijijini na bibi yangu, Bibi Veronika. Alikuwa mjane. Ni Mkerewe wa visiwani aliyeolewa kwa Wasukuma akiwa binti mdogo, akazaa hapo, akamzika mumewe hapo, na mpaka nywele zinakuwa nyeupe watu walikuwa bado wanamwita Mkerewe, kana kwamba alishuka kwenye mtumbwi jana. Kazi yake ilikuwa ile ya wanawake wote wa ufukweni. Alfajiri mitumbwi ikirudi, taa zao za karabai zimeshazimwa, alinunua dagaa wabichi, akawatandaza mchangani juu ya nyavu kuukuu, akawageuza, jioni akawaanua. Dagaa wakikauka vizuri wachuuzi wa Mwanza wanawagombania. Wakinyeshewa wanaoza, na jasho lote la siku wanapewa kuku.

Ilikuwa Jumamosi, sikuwa shule. Jua limesimama juu kabisa, mbingu haina wingu, Bibi akainuka akasema tuanue. Nilimbishia kama wewe unavyonibishia mimi. Dagaa walikuwa bado laini. Akasema magoti yanamuuma, upepo umegeuka, nisimchoshe, nishike upande ule wa wavu. Wanawake wenzake wakatucheka. Tulikuwa hatujamaliza kuingiza ndani, ikashuka mvua kutoka upande wa visiwani, ile inayokuja na kelele zake, ikawafagia dagaa wa ufukwe mzima. Waliosalimika ni wa Bibi peke yake.

Ingetokea mara moja, ingepita. Lakini masika yale ilikuwa imeshatokea tena na tena. Na hakuna aliyemuuliza Bibi anajuaje. Waliulizana wao kwa wao anafanyaje. Nawe unafahamu watu wakishaanza kuulizana hivyo, jibu wanalo tayari. Wakasema Wakerewe wana mvua yao. Wakasema anaiita makusudi, dagaa wa wenzake waoze, wake wapande bei. Mama mmoja aliyekuwa amekopa ili anunue dagaa wale alikaa mchangani akalia kwa sauti, na kilio chake kikatosha kuwa ushahidi.

Miaka ile sungusungu, wale walinzi wa jadi, walikuwa wamepamba moto kijijini kwetu. Walianza na wezi wa ng'ombe, na sitawasema vibaya kwa hilo, maana usingizi ulirudi. Ila walipowamaliza wezi wakabaki na nguvu ambayo haina kazi. Mkuu wao alikuwa Mzee Masanja, mtu mrefu, mnyoofu, asiyependelea. Bibi aliitwa mbele ya baraza lao. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya wanawake.

"Mvua unaijuaje?" Mzee Masanja akamuuliza.

"Magoti," Bibi akajibu.

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Hakuna aliyesimama kusema neno, hata wale aliowapokelea watoto wao kwenye uzazi. Wakaamua atengwe. Nikufafanulie, kwa sababu nyie mnaliona neno hilo kama neno la kawaida. Kutengwa kwa kwetu maana yake husalimiwi. Ukienda kuomba moto, jiko la jirani linafunikwa. Huuziwi chumvi, huazimwi kinu, kitu chako hakichanganywi na kitu cha mtu. Ukifiwa, unachimba mwenyewe. Na yeyote atakayevunja, nyumba yake inatoa ng'ombe. Mimi niliyekuwa nakaa naye niliingia humo humo ndani ya adhabu.

Njaa sikuiogopa, ziwa lilikuwepo. Niliogopa jambo moja. Kijiji cha pili walimtenga mzee mmoja hivyo hivyo, watu wakazoea kutomwona, na siku nyumba yake ilipowaka hakuna aliyesikia yowe lake. Nililiwaza hilo kila nikiweka kichwa chini. Nilimwomba Bibi turudi Ukerewe kwa ndugu zake. Akaniambia kaburi la mumewe halibebeki.

Sasa hayo yanatokea kijijini, shuleni kwetu tulikuwa tunasoma tamthilia. Tuliletewa na Mwalimu Laurenti, Mhaya wa kutoka Kagera, kijana mwembamba aliyevaa tai hata siku ya kufyeka majani. Watu walimtania kwamba anaongea kama redio. Lakini fasihi alikuwa anaijua, na alikuwa anaipenda kwa namna inayoambukiza.

Kisa chenyewe kilikuwa cha nchi za mbali, zamani. Mwashi mgeni amejenga daraja katika mji wa watu. Mto unafurika, daraja linaanguka na watu wanakufa. Mji unasema mgeni amelilaani. Ukweli ni kwamba matajiri wa mji waling'oa mawe ya msingi wakajengee maghala yao, na jirani mmoja, mwanamke, aliwaona. Anajua, ila ananyamaza. Hakimu anahisi, ila anaogopa. Mpaka sehemu ya mwisho kabisa, mwashi ameshasimamishwa kusomewa hukumu, ndipo yule jirani anainuka na kusema.

Mwalimu akatuuliza darasani, "Nani kati yenu angesimama akasema?"

Mikono yote juu. Mwanangu, mikono yote! Na nusu ya mikono ile ilikuwa ya watoto wa wale waliokaa barazani. Wengine walikuwa wanaruka pembeni nikipita uani, wasiguswe na kivuli changu. Nikaitazama mikono ile nikachoka, nikiwa msichana mdogo hivyo. Uchovu wenyewe bado ninao.

Mwalimu alipanga tuigize tamthilia ile siku ya wazazi. Mimi nilipewa uhakimu, nikabandikwa ndevu za katani. Yule jirani akapewa Kabula. Kabula alikuwa binti wa Mzee Masanja, naam, huyo huyo mkuu wa sungusungu. Kabla ya mambo haya tulikuwa tunakaa dawati moja, tunagawana muhogo mmoja. Baba yake alipomwambia ahame, alihama bila kunitazama, nami nilimwelewa. Mwalimu alikataza kutengana darasani, lakini mwalimu hawezi kukulazimishia rafiki. Kwenye mazoezi ndipo tuliposemeshana. Maneno ya kitabuni kijiji hakikuyahesabu kuwa ni maongezi. Nilikuwa namuuliza, "Mwanamke, umeona nini?" Naye anajibu, "Sikuona kitu, mheshimiwa." Tulirudia hivyo kila siku ya mazoezi, yeye akiangalia chini.

Mimi nikawa na mpango wangu. Igizo likiisha, nitavua zile ndevu, nitasimama mbele ya wazazi wote na kuwaambia: mwashi wenu anakaa ufukweni, anaitwa Veronika, na nyie ndio huo mji. Hotuba niliitunga, nikaihifadhi kichwani. Nilijiona nimeshafika. Jioni moja nikamwambia Bibi, nikamsomea yote, nikingoja anikumbatie.

Aliendelea kuchambua dagaa, akitoa mchanga.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Watalia?"

"Watalia sana."

"Basi usiwasemee. Mtu akishalia anajiona amelipa. Watalia, watarudi kwao, watalala vizuri kuliko leo." Akachota dagaa wengine. "Mimi sina haja ya kuliliwa, mjukuu wangu. Mgongo unaniuma. Mvua ikija ghafla sina wa kunishikia upande wa pili wa wavu wewe ukiwa shule. Huyo ndiye ninayemtaka. Hotuba waachie wanasiasa."

Nilikasirika, nakwambia wazi. Nilimwona mzee asiyejua thamani ya maneno. Nilikwenda kulala bila kumuaga, na ile hotuba nikaendelea kuirudia moyoni mpaka usingizi ukanichukua.

Siku ya wazazi ikafika. Bibi akaja. Sikumwambia aje. Alivaa gauni lake la kanisani, akatembea barabara nzima peke yake, akaketi kwenye benchi la tatu kutoka mbele. Benchi likahamwa. Watu hawakumtukana, waliinuka tu mmoja mmoja kama waliokumbuka shughuli, mpaka akabaki na benchi lake kama bibi harusi. Mwalimu Laurenti alitoka nyuma ya pazia, akaliona lile, akaenda akakaa naye. Watu wakaguna. Mhaya na Mkerewe, wakasema, wameshapatana.

Igizo lilikwenda vizuri ajabu. Mvulana aliyeigiza mwashi alikuwa na sauti ya huruma, akiomba wamwangalie mikono yake kama ni ya mtu wa kubomoa. Wanawake walifuta machozi kwa ncha za kanga. Ikafika sehemu ile ya mwisho. Mimi na ndevu zangu nikauliza, "Mwanamke, umeona nini?" Kabula akakaa kimya. Alitakiwa anyamaze kidogo, lakini alinyamaza mpaka nikadhani amesahau. Ukumbi ukaanza kumhimiza. "Sema, binti! Sema usiogope!" Na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya baba yake. Mzee Masanja alikuwa amesimama, machozi yanamtoka waziwazi, anampungia binti yake mkono. "Sema, mwanangu! Mtu anaonewa!"

Kabula akasema. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mwashi akaokoka.

Nikavua ndevu. Maneno yangu yote yalikuwepo, yamepangana kooni. Nikawaangalia wale watu walivyokuwa wanapeana mikono kwa furaha, wamejaa wema mpaka unawamwagika, na nikamwona Bibi amekaa benchi lake, ananiangalia. Nikaelewa alichoniambia. Sikuhutubia. Watu wakatoka, wakampita mmoja mmoja pale mlangoni bila salamu, wengine macho yakiwa bado mekundu kwa kumlilia mwashi.

Mwanangu, kama unataka hoja ya kuandika kuhusu fasihi, andika hiyo. Mimi sijapata kuifundisha darasani kwa sababu mtihani hauiulizi.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili. Mimi na Bibi tulikuwa ufukweni upande wetu tuliotengewa, penye majani na inzi. Wanawake wengine walikuwa kule mbali, mchanga mzuri. Nikamwona Kabula anakuja na beseni kichwani. Nilidhani anakata njia. Akaja moja kwa moja, akatua beseni, akapiga magoti kama binti wa Kisukuma anavyotakiwa mbele ya mtu mzima.

"Mwangaluka, mayu."

Ni salamu tu ya asubuhi. Bibi alikuwa hajaisikia kwa mtu yeyote tangu baraza. Aliangalia nyuma yake, kama kuna mama mwingine aliyesimama hapo.

"Mwangaluka, mwanangu," akajibu kwa sauti ndogo. Kisha akashtuka. "Nenda nyumbani, Kabula. Baba yako atakuua."

"Kule kwetu mchanga una maji, mayu. Nimekuja kuanika hapa."

"Mchanga wenu haujawa na maji tangu niolewe hapa."

"Leo unayo," Kabula akasema. Akatandaza dagaa wa nyumba ya Mzee Masanja juu ya wavu wa Bibi, wakagusana na dagaa wa Bibi, wakachanganyika, hata kuwatenganisha huwezi. Hakuwa na hotuba. Alipomaliza akashika upande wa pili wa wavu wakaunyoosha pamoja.

Nilikuwa nawaona wanawake kule wamesimama na mabeseni yao. Kulikuwa na wengi, nakuapia, ambao wangetaka kuja. Nimekaa nao miaka mingi baadaye, wengine wameniambia kwa midomo yao. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze kutembea. Hakuna aliyeanza.

Wakaenda kumwita baba. Mzee Masanja akaja na wazee wenzake, akasimama mbali na wavu.

"Kabula. Anua."

"Bado wabichi, baba."

"Anua nimesema!"

"Jana uliniambia niseme, baba. Ulisimama ukaniambia."

Sikuwahi kumwona mtu mzima akikosa pa kuweka mikono yake kama yule mzee siku ile. Aliangalia wanawake kule, aliangalia wazee wenzake. Laiti angemwona hata mama mmoja amesogea na beseni lake, angekuwa na la kusema: kijiji kimechoka, turudi barazani. Nadhani alikuwa analitafuta. Lakini alichokiona ni binti yake peke yake, magotini, kando ya mwanamke aliyetengwa. Akageuka akaondoka.

Adhabu ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe akatoka kwenye zizi lake mwenyewe, dume zuri. Hakujipendelea. Kwa hilo namheshimu mpaka leo na kwa hilo hilo namlaumu. Halafu akasema shule imemharibu binti. Akamtoa darasani, na kabla ya mavuno ya pamba akamwozesha mbali na ziwa. Mwalimu Laurenti alikwenda nyumbani kwake kumsihi, na tai yake, akarudi kabla chai haijapoa. Aliambiwa yeye alikuja na basi, ataondoka na basi, wao watabaki na watoto wao. Na kweli haikuchukua muda akahamishwa. Tamthilia tukamaliziwa na mwalimu mwingine aliyeturuhusu kukariri.

Utaniuliza Bibi ikawaje. Hawakumchomea nyumba. Baada ya yale ya Kabula kila mtu alikuwa anamwona tena, maana amesemwa sana, na mtu anayeonekana ni vigumu kumwashia moto. Masika yaliyofuata, siku yenye jua kali, Bibi aliinuka akaanza kukunja nyavu. Nikamwona mama mmoja kule mbali anamchungulia, naye akaanza kukunja za kwake. Wa pili akaiga, wa tatu akaiga. Mvua iliponyesha ikakuta mchanga mtupu. Tangu hapo nyavu zao zikawa zinasogea upande wetu, kidogo kidogo, wapate kumwona vizuri anapoinuka. Siku moja mama yule yule aliyelia akampitia karibu akasema "mwangaluka" kama vile alimsalimia na jana. Bibi akaitikia. Wakaendelea.

Hakuna baraza lililokaa kumfutia. Hakuna aliyemwambia pole. Adhabu ilichakaa tu kama kanga inavyochakaa. Magoti yale yale waliyomshtakia ndiyo yaliwarudisha, kwa faida yao. Bibi alifia kwenye mkeka wake, mzee sana, na walijaa kumzika. Nilisimama kaburini nikiwatazama walivyolia, na sikuweza kulia nao. Nilikuwa namtafuta Kabula kwenye umati, na hakuwepo, kwa sababu mume wake hakumpa ruhusa.

Yeye yupo Magu sasa, anauza mchele kando ya barabara, na watoto wake wamekua. Huwa nashuka nikipita, tunakaa kwenye magunia. Siku moja nilimuuliza, nikiwa nimeshafundisha tamthilia ile kwa vizazi vya watoto, kama ni kile kitabu kilichompa ujasiri. Akacheka.

"Ujasiri gani, mwalimu? Nilikuwa nimeshikwa na tumbo usiku kucha. Yule mwanamke wa kwenye igizo alikuwa amenichosha. Kila siku nasema sikuona kitu, sikuona kitu, nangoja mpaka mwisho. Nikaona nikimaliza shule nitakuwa nimezoea."

"Na hujuti?"

Nilitegemea aseme hapana. Ndivyo wanavyosema kwenye vitabu. Alipima mchele wa mteja kwanza, akafunga mfuko, akampa.

"Najuta," akasema. "Nilitaka kusoma. Nilitaka sana, kuliko wewe. Dagaa ningeanika tena hata kesho. Lakini kwa nini nilianika peke yangu? Mlikuwa ufukwe mzima pale."

Mimi nilikuwa ndani ya adhabu, kusimama kwangu hakukuhesabika. Ila wengine walikuwepo.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, uichukue au uiache. Vitabu vinapenda jasiri aliye peke yake. Anasimama, mji mzima umempinga, nasi tunampenda kwa upweke wake, tunampigia vigelegele, tunamwandikia insha. Usidanganyike. Ule upweke unaousifu ndio uliomvunja Kabula. Angekuja mama mmoja tu wa pili na beseni lake asubuhi ile, baba yake angepata mlango wa kupitia, ng'ombe angebaki zizini, na leo mwalimu mstaafu angekuwa yeye. Sikwambii uwe wa kwanza. Wa kwanza ni wachache, Mungu huwachagua mwenyewe, na pengine wewe si mmoja wao. Mimi nakuomba uwe wa pili. Kwenye darasa lenu, kwenye hilo kundi lenu la simu mnakochekana, mtaani kwako, ukimwona mtu amekwenda kumsalimia asiyesalimiwa, usikae ukashangaa moyo wake. Usilie. Inuka uende na chako mkakianike pamoja, na uende mapema, kabla watu hawajamwita baba.

Na ukisoma kitabu kikakutoa machozi, yafute, kisha utazame ni nani ameachiwa benchi peke yake.

Nimechoka, nisaidie kuinua huu mguu. Mungu akukuze, akupe akili ya kusoma na tumbo la kustahimili hofu. Akuepushe na umati wenye wema wa machozi. Na ikitokea siku ya wewe kuwa wa kwanza, mwanangu, basi kabla jua halijawa kali akuletee wa pili.